Jezi ya klabu kubwa haimfanyi kuwa mchezaji wa kulipwa

Swali: *Mdogo wangu ana miaka 20, ni straika, anacheza Ligi Kuu ya Wanawake hapa Tanzania. Mwezi uliopita wakala alimletea barua yenye nembo ya klabu ya Italia ambayo timu yake ya wanaume iko Serie A. Wanamtaka kwenye timu yao ya wanawake, inayocheza Serie B, daraja la pili. Wanasema atapata euro 900 kwa mwezi kwa miezi kumi, chumba cha kuishi na wenzake, na chakula cha mchana siku za mazoezi. Mjomba anasema hiyo ni klabu ya kulipwa, kwa hiyo mtoto ameshakuwa mchezaji wa kulipwa, tusiulize mengi tukaharibu bahati. Wakala anataka dola 1,800 za kushughulikia safari, na anasema aende kwanza kwa visa ya utalii, karatasi nyingine zitamalizwa hukohuko. Mama ameanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Mimi moyo unasita. Je, nina wivu, au nina haki ya kuogopa?*

Dada yangu, hilo lililo moyoni mwako si wivu. Umeona shamba la mama linataka kuuzwa kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeisoma akaielewa, na ukashtuka. Ungekuwa mdogo wangu ningekushukuru. Kwa hiyo nianze na hili: shamba lisiuzwe, na hizo dola 1,800 zisitoke mfukoni mwa mtu, mpaka mmalize kuuliza. Lakini pia sitaki ukimbilie kusema barua ni ya uongo. Nimekuwa nikisoma mikataba ya wachezaji wa kike kaskazini mwa Italia kwa miaka kadhaa sasa, wengi wao mabinti kutoka Afrika, na ofa uliyoieleza inafanana na ofa za kweli nilizozishika mkononi. Chumba cha pamoja, miezi kumi, fedha ya kujikimu: Serie B ya wanawake iko hivyo. Ninachokitilia shaka ni njia ya kumfikisha huko, na zaidi ya hapo, kile ambacho familia inaamini inakipata.

Tuanze na mjomba, maana kosa lake hufanywa hata na Waitaliano wenyewe. Anaona nembo, anaijua klabu kutoka kwenye televisheni, anahesabu kwamba mchezaji wa klabu hiyo ni mchezaji wa kulipwa. Nchini Italia mambo hayaendi hivyo. Kuna sheria namba 91 ya mwaka 1981 inayosema nani ni mwanamichezo wa kulipwa, na sheria hiyo iliacha kila shirikisho liamue lenyewe ni ligi zipi zina hadhi hiyo. Shirikisho la soka, FIGC, liliipa hadhi hiyo ligi za juu za wanaume. Za wanawake hazikupewa hata moja, kwa zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo hadhi ya kulipwa haikai kwenye nembo wala kwenye utajiri wa mwenye klabu. Inakaa kwenye ligi ambayo timu ile inacheza.

Mfano wake upo wazi. Juventus walianzisha timu ya wanawake mwaka 2017 na wakachukua ubingwa misimu mitano mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2021/22. Msimu wa 2020/21 walishinda mechi zote 22 za ligi. Nahodha alikuwa Sara Gama, beki aliyezaliwa Trieste, mama Mwitaliano na baba Mkongomani. Misimu yote hiyo mitano, kisheria, Gama na wenzake walikuwa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiotambuliwa kuwa wa kulipwa. Walivaa mistari ileile myeusi na myeupe ya wanaume wanaolipwa mamilioni, lakini kanuni za ridhaa ziliweka dari: mchezaji hakuweza kuandikiwa zaidi ya euro 30,658 kwa mwaka kabla ya makato. Tarehe 24 Machi 2019 walicheza na Fiorentina kwenye uwanja mkubwa wa Juventus mbele ya watazamaji 39,027. Nilikuwa jukwaani siku ile. Uwanja unatetemeka, watoto wa kike wamebebwa mabegani na baba zao, na pale chini wanawake 22 ambao kwenye makaratasi walihesabiwa kama watu wanaocheza mpira baada ya kazi. Sijaisahau.

Kiangazi kilichofuata Italia ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia Ufaransa, nchi nzima ikaangalia, na hoja ya kuwaacha kwenye ridhaa ikakosa mtetezi. Baraza la FIGC likapitisha mabadiliko Aprili 2022, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 Serie A ya wanawake ikawa ligi ya kulipwa. Ikaja ajira ya kweli: mkataba wa kazi, michango ya pensheni, bima ya ajali kazini, likizo ya uzazi, na mkataba wa pamoja unaoweka kima cha chini cha mshahara. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mchezo wowote wa timu wa wanawake nchini humo.

Sasa sikiliza vizuri hapa, dada, maana ndipo swali lako lilipo. Mabadiliko yale yaliihusu Serie A peke yake. Serie B ilibaki ridhaa. Kwa hiyo timu inayomtaka mdogo wako, hata kama wenzao wa kiume wanacheza Serie A na wanapanda ndege ya kukodi, yeye atasaini kama mchezaji wa ridhaa. Si aibu, wala si utapeli. Ila ni kitu kingine kabisa kuliko alichokisema mjomba, na kila hesabu ya nyumbani inabidi ianzie hapo.

Pengine unajiuliza timu ya wanawake inakaaje ndani ya klabu kama hiyo. Historia yake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Soka la wanawake Italia lilikuwa la klabu za wanawake zenyewe, zenye viwanja vya kuazima na wenyeviti waliotoa fedha zao mfukoni. Mwaka 2015 Fiorentina walifungua njia kwa klabu kubwa za wanaume, na msimu wa 2016/17 wakawa mabingwa. Wengine wakafuata, na wengi hawakuanza chini: walichukua nafasi ya klabu iliyokuwapo. Juventus walichukua nafasi ya Cuneo mwaka 2017. Roma walichukua ya Res Roma mwaka 2018. Mwaka huohuo Milan walichukua ya Brescia, timu iliyokuwa bingwa mara mbili, 2014 na 2016, na iliyokuwa imetoka kupoteza ubingwa kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Juventus wiki chache tu nyuma. Brescia yenyewe ikaanza upya kwenye ligi za chini. Mimi bado naona uchungu nikiikumbuka ile, ingawa najua bila fedha za klabu kubwa tusingefika 2022.

Wewe historia hiyo inakuhusu kwa sababu moja. Nafasi ya timu kwenye ligi inaweza kuhama kiangazi kimoja. Mwaka 2022 Empoli, klabu ambayo wanaume wake walikuwa Serie A, iliachia timu yake ya wanawake na nafasi yake ikaenda Parma. Timu ya wanawake ndani ya klabu ya wanaume ni idara, na idara hupanuliwa mambo yakiwa mazuri na hupunguzwa yakiharibika. Wanaume wakishuka daraja, bajeti ya kwanza kuangaliwa mara nyingi ni ya wanawake. Mchezaji Mwitaliano timu ikifungwa anarudi kwa wazazi wake kwa treni. Mdogo wako kibali chake cha kuishi kimesimama juu ya klabu ile.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulitazama kwenye barua, kabla hata ya euro 900, ni jina la anayesaini. Chini ya nembo kutakuwa na jina kamili la kampuni au chama. Kuna klabu ambazo timu ya wanawake iko ndani ya kampuni ileile ya wanaume. Kuna nyingine ambazo timu ya wanawake ni chama tofauti cha michezo ya ridhaa, kilichopewa ruhusa ya kutumia nembo na rangi. Mara nyingi vyama hivyo huandika herufi A.S.D. au S.S.D. kwenye majina yao. Mshahara ukichelewa, anayedaiwa ni huyo aliyesaini, si yule tajiri mnayemwona kwenye televisheni. Niletee jina hilo na nitaweza kukueleza mengi zaidi kuliko nembo kumi.

Nirudi kwenye ridhaa, maana neno hilo linatisha kuliko linavyostahili. Tangu Julai 2023 Italia ina sheria mpya ya kazi ya michezo, iliyoandikwa mwaka 2021, inayomtambua hata mchezaji wa ridhaa anayelipwa kuwa mfanyakazi. Akipata chini ya euro 15,000 kwa mwaka kutokana na michezo, halipi kodi ya mapato. Michango ya hifadhi ya jamii huanza kukatwa kwenye kinachozidi euro 5,000, na sehemu kubwa ya mchango huo hubebwa na klabu. Mdogo wako kwa euro 900 mara kumi anapata 9,000. Maana yake atapokea karibu yote. Mageuzi hayohayo yalifuta kile kifungo cha zamani ambacho klabu ya ridhaa iliweza kumshikilia kijana kwa miaka bila hata kumlipa. Msimu ukiisha na mkataba ukiisha, yuko huru.

Lakini hesabuni miezi 12, si kumi. Kuna kiangazi kisicho na mshahara, na huenda asiwe na chumba pia kama nyumba inarudishwa kwa mwenyewe mwezi Juni. Kuna nauli ya kuja na ya kurudi. Kuna koti la baridi, viatu vya uwanja wenye matope, vocha ya simu, na chakula cha jioni cha kila siku ambacho barua haikukitaja. Mabinti niliowaona wakiishi vizuri kwa fedha ya namna hii walikuwa na chumba cha bure, baiskeli, na nidhamu. Waliweza kutuma nyumbani kidogo, baadhi ya miezi. Akiondoka na deni la shamba mgongoni, hiyo fedha haitamtosha yeye wala ninyi, na atacheza kila mechi akiwaza deni.

Kuna jambo moja ambalo nataka mlisimamie kuliko mshahara: goti. Wachezaji wa kike huumia mishipa ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na anayeumia ule wa mbele, unaoitwa ACL, hukaa nje miezi minane, tisa, wakati mwingine mwaka. Kwa mchezaji wa Serie A, ajira inambeba: bima ya ajali kazini ipo na mkataba unaendelea. Kwa mchezaji wa ridhaa mwenye mkataba wa ushirikiano, ambao si wa ajira kamili, bima ya lazima ni ile inayokuja na usajili wa shirikisho, na hiyo imelenga kifo na ulemavu wa kudumu. Upasuaji, mazoezi ya viungo ya kila siku, na mshahara wa miezi ya kukaa kitandani hutegemea kilichoandikwa kwenye mkataba na moyo wa klabu. Klabu zenye timu ya wanaume Serie A mara nyingi zina madaktari wazuri, na hapo ndipo kuwa ndani ya klabu kubwa kunapokuwa faida ya kweli. Ila faida hiyo iandikwe. Ombeni sentensi moja tu: akiumia mazoezini au kwenye mechi, klabu italipia upasuaji na matibabu mpaka arudi uwanjani, na itaendelea kumlipa mpaka mwisho wa mkataba. Klabu nzuri haiogopi sentensi hiyo. Klabu ikisema "usijali, sisi ni familia," sikiliza lugha hiyo kwa makini, kwa sababu hospitali haipokei maneno hayo kama malipo.

Sasa visa, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Aende kwa visa ya utalii halafu karatasi zimalizwe hukohuko: hapana. Visa ya utalii inamruhusu kukaa siku 90 ndani ya siku 180, na haimruhusu kufanya kazi. Haigeuzwi kuwa visa ya michezo akiwa tayari Italia. Visa ya michezo huombwa nyumbani, na mlolongo wake uko hivi. Klabu kupitia shirikisho inaomba kamati ya Olimpiki ya Italia, CONI, itoe hati ya kumkubali mchezaji kwa jina lake. CONI inaipeleka hati kwa polisi wa mkoa ambako klabu ipo, nao wanatoa idhini ya awali. Ndipo mchezaji anaomba visa ubalozi wa Italia, kwenu ni Dar es Salaam. Akishafika, ana siku nane za kazi kuomba kibali cha kuishi. Kila mwaka serikali huweka idadi ya juu ya wanamichezo wa nje ya Umoja wa Ulaya, na idadi hiyo hugawanywa kwa mashirikisho. Klabu isiyo na uhakika wa kupata nafasi inaweza kushawishika kumleta kwanza na kutafuta baadaye. Wakala asiyejua njia, au anayeijua na hataki kuipita, atakushauri utalii.

Niliwahi kuitwa na binti mmoja aliyeletwa hivyo. Kwa wiki kumi alifanya mazoezi na timu, akala nao, akapigwa picha akiwa na jezi. Hakucheza hata mechi moja ya ligi, kwa sababu bila kibali hakuweza kusajiliwa. Siku 90 zilipokaribia, klabu ikamwambia inasikitika. Wakala simu yake haikupatikana tena. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo, mfuko wa viatu magotini, akaniuliza kama akirudi nyumbani watu watamcheka. Tulimkatia tiketi kabla siku hazijapita, na hilo lilimwokoa: alirudi baadaye Ulaya, nchi nyingine, kwa njia sahihi. Angepitisha hata mwezi mmoja, kila ubalozi wa Schengen ungeiona rekodi hiyo. Kwa hiyo visa ya utalii haihatarishi safari hii tu, inazihatarisha na zijazo.

Kuhusu wakala, kuna maswali mawili ya kumuuliza uso kwa uso, bila ugomvi. Ana leseni ya FIFA? Wenye leseni wako kwenye orodha ya FIFA inayoonekana na yeyote mtandaoni, tafuteni jina lake kamili. Na nani ameandikwa Italia? Huko wakala hutakiwa pia awe kwenye daftari la taifa la mawakala wa michezo, na wakala wa kigeni hufanya kazi kwa taratibu maalumu. La pili, kwa nini familia ilipe kabla? Ada ya wakala halali ni asilimia ya kile mchezaji atakacholipwa, na hutoka mshahara unapotoka. Gharama ya ombi la klabu kwa CONI ni ya klabu. Ada ya visa mnailipa wenyewe ubalozini na mnapewa risiti. Nauli, klabu inayomtaka mchezaji kwa dhati hukata tiketi yenyewe, kwa jina lake. Ukiondoa hayo yote, niambie hizo dola 1,800 zinabaki kuwa za nini. Akishindwa kujibu kwa maandishi, mmeshajibiwa.

Kuna upande wa nyumbani pia usisahaulike. Mdogo wako ana mkataba na klabu yake ya sasa? Kama upo na haujaisha, lazima klabu hizo mbili zizungumze, hata kama mshahara wa huko nyumbani ni mdogo. Akishaachiwa, TFF, shirikisho la soka la Tanzania, hutoa ITC, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, kwa njia ya mfumo wa FIFA, klabu kwa klabu, shirikisho kwa shirikisho. Haibebwi kwenye bahasha na wakala. Viongozi wakidai fidia ya kumlea na kumfundisha wakitaja kanuni za FIFA, wakumbusheni kwa heshima kwamba fidia hiyo haipo kwenye soka la wanawake. Wanayo haki ya kudai kilichomo kwenye mkataba, basi.

Umeniuliza kama una haki ya kuogopa, hukuniuliza kama aende. Lakini najua hilo ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Serie B ya wanawake Italia ni ligi ya kufaa kwa straika wa miaka 20. Mazoezi ni ya mpangilio, mabeki wanajua kukaba, na watafutaji vipaji wa Serie A huja kuangalia, hasa tangu Serie A iongezwe kufikia timu 12 msimu wa 2025/26. Timu yake ikipanda, anaingia kwenye soka la kulipwa akiwa tayari anajua lugha na makocha. Watu husema kuanzia chini ni kupoteza muda. Tabitha Chawinga wa Malawi alianzia timu ya daraja la chini Sweden mwaka 2014. Akapita China, akaja Inter kwa mkopo msimu wa 2022/23, akafunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora wa Serie A, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Alipofika Italia ndio ulikuwa msimu wa kwanza wa ligi hiyo kuwa ya kulipwa. Alianza padogo, ila alianza kwa karatasi zilizokamilika.

Upande mwingine, kubaki mwaka mmoja si kushindwa. Ligi Kuu yenu sasa inatazamwa kuliko zamani. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, na macho yaliyokuja kwa ajili yao yaliona na wengine. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess, akapita Hispania, na mwaka 2023 akasaini Al-Nassr ya Saudi Arabia. Euro 900 za ridhaa Italia si lazima ziwe bora kuliko ofa nyingine inayoweza kuja mwakani, na kama huko nyumbani analipwa na anacheza kila wiki, ana muda. Mchezaji anayefunga haishiwi na simu kwa sababu amekataa moja.

Mimi ningemwacha aende, kwa sharti kwamba klabu yenyewe, bila wakala katikati, imeandika kwamba itamwombea hati ya CONI na visa ya michezo, na kwamba lile la goti limo kwenye mkataba. Moja likikosekana, ningembakiza nyumbani na ningelala usingizi. Mshahara ningeuzungumzia mwisho. Naona uzito wake ni mdogo kuliko hayo mawili.

Andikeni klabu moja kwa moja. Msitumie anwani iliyo kwenye barua, tafuteni ile iliyo kwenye tovuti rasmi ya klabu, na mwombe mzungumze na mkurugenzi wa timu ya wanawake. Ulizeni kama wanamfahamu mdogo wako na wakala huyo, kampuni ipi itasaini, na nani atashughulikia visa. Kiingereza kinatosha. Ndani ya wiki moja mtajua kama barua ilitoka kwao. Mkataba ukija utakuwa wa Kiitaliano: utafsiriwe wote, sio muhtasari wa wakala, na muulize lini utasajiliwa kwenye shirikisho, kwa sababu makubaliano ya pembeni yasiyosajiliwa hayatetewi na vyombo vya michezo. Chama cha wachezaji wa Italia, AIC, ambacho Sara Gama aliwahi kuwa makamu wa rais wake, husaidia wachezaji wa kike pia. Asajiliwe huko wiki ya kwanza akifika.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Mkataba wake wa sasa umpelekee wakili wa kazi, aushike mkononi, kabla mdogo wako hajaandika barua yoyote ya kuaga. Nendeni TFF kuuliza habari za ITC na za wakala huyo, mtu aende kwa miguu yake, msipige simu tu. Na yeyote akimwomba aache pasipoti yake "kwa usalama", au akimshinikiza asafiri usiku wa kesho bila kuwaambia watu, hilo si suala la mpira tena. Nendeni polisi siku hiyohiyo. Akiwa tayari Italia na likamtokea, ubalozi wa Tanzania upo Roma.

Mjomba mweleze taratibu, anampenda mtoto na furaha yake ni ya haki. Mwambie nembo ni ya kweli na mpira ni wa kweli, ila hadhi ya kulipwa itakuja timu ikipanda au yeye akinunuliwa na timu ya juu. Na mdogo wako mwenyewe akae kwenye kikao hicho. Katika swali lako lote umeniambia mjomba anasema nini, wakala anasema nini, mama anafanya nini. Yeye hukuniambia anataka nini. Muulizeni leo jioni, kabla ya kuiandikia klabu.